CRP iliyopanda haithibitishi ugonjwa wa akili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalozidi kujitokeza kwenye kliniki za afya ya akili hapa Moshi na kule Arusha. Familia inafika na karatasi ya majibu kutoka maabara ya mtaani. Mstari mmoja umezungushiwa wino mwekundu: CRP 8.4, yaani kiasi cha protini ya damu inayopanda mwili unapopata jeraha au maambukizi, na pembeni yake mshale unaotazama juu. Wameambiwa kwamba siku hizi ugonjwa wa skizoafektivu unaonekana kwenye damu, kwamba ubongo wa kijana wao "umevimba", na kwamba namba hiyo ikishuka dawa za akili zinaweza kuachwa. Wengine wanakuwa wameshaanza kuzipunguza kabla hawajafika kwetu.

Sisi tunaoandika tunafanya kazi hiyo, baadhi yetu maabara na wengine wodini. Tunachotaka kusema ni hiki: hakuna kipimo cha damu leo, hapa wala Ulaya, kinachothibitisha ugonjwa wa skizoafektivu. Damu ya mgonjwa ipimwe, tena bila kuchelewa, ila kwa sababu tofauti kabisa na zile zinazouzwa mtaani.

Skizoafektivu ni ugonjwa ulio kati ya skizofrenia na magonjwa ya mihemko kama sonona na baipola. Daktari Jacob Kasanin wa Marekani ndiye aliyeupa jina mwaka 1933, akieleza habari za wagonjwa 9. Tangu hapo unatambuliwa kwa kuangalia mpangilio wa muda. Lazima kuwe na kipindi ambacho dalili za saikosisi (kusikia sauti, kushikilia imani zisizo za kweli, maneno kuvurugika) zinakwenda pamoja na sonona nzito au mania. Lazima pia kuwe na wiki 2 au zaidi ambazo sauti au imani hizo zipo peke yake, huku mgonjwa hana huzuni nzito wala furaha iliyopitiliza. Na hiyo mihemko iwe imechukua sehemu kubwa ya muda wote wa ugonjwa. Ndiyo maana daktari anauliza sana habari za tarehe: aliacha kulala lini, alianza kugawa vitu vyake lini, sauti zilibaki baada ya huzuni kuisha au ziliondoka nayo? Mama au shangazi anayekuja na daftari lenye safu nne, yaani saa alizolala, hali ya moyo, sauti, na dawa alizomeza, anatupa kitu ambacho hakuna mashine ya maabara inayoweza kukitoa.

Sasa turudi kwenye CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Mwili unapopata jeraha au maambukizi, kinga inaamka, na hali hiyo ndiyo inayoitwa inflamesheni. Seli za kinga hutoa vijumbe vinavyoitwa saitokini, na kimoja kati ya hivyo, interlukini 6 au IL-6, ndicho kinachoiamuru ini itengeneze CRP. Ndani ya saa 6 hadi 12 CRP inaanza kupanda, inafika kileleni kama siku ya pili, na chanzo kikiondoka nusu yake inapotea kila baada ya saa 19 hivi. CRP haisemi moto umewaka wapi. Jipu la makalio na nimonia vinaweza kutoa namba ileile.

Lisemwalo lipo, na hatutaki kuwadharau wanaolisema. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kundi la watu wenye skizofrenia na magonjwa ya jamii yake lina IL-6 na saitokini nyingine kadhaa kwa wingi kuliko watu wasio wagonjwa, hata miongoni mwa wale ambao hawajameza dawa yoyote. Baadhi ya viashiria hivyo vinashuka mgonjwa anapotulia, vingine vinabaki juu. Huko Uingereza kuna watoto waliozaliwa eneo la Bristol mwaka 1991 na 1992 ambao wanafuatiliwa mpaka leo. Waliokuwa na IL-6 nyingi zaidi wakiwa na miaka 9 walikuwa na uwezekano wa kama mara mbili au zaidi wa kuwa na ugonjwa wa saikosisi walipofika miaka 18, wakilinganishwa na wale waliokuwa nayo kidogo zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Mwaka 2016 wanasayansi wa jenetiki walionyesha kwamba jeni iitwayo C4, ambayo ni sehemu ya mfumo wa kinga, inachangia hatari ya skizofrenia. Ipo pia njia inayojulikana ambayo inflamesheni inaweza kuufikia ubongo: inaugeuza triptofani, kirutubisho tunachokula kwenye maharage na mayai, kuwa asidi ya kinureniki, ambayo huziba vipokezi vya glutameti, kemikali ya mawasiliano ya ubongo, vinavyotumika katika kufikiri na kukumbuka. Yote hayo ni utafiti wa kweli. Wenye skizoafektivu, kwa bahati mbaya, mara nyingi huchanganywa humo pamoja na wa skizofrenia kwa sababu wao ni wachache, kwa hiyo hata kwa makundi ushahidi unaowahusu wao peke yao ni mwembamba.

Kosa linakuja pale habari ya kundi inapobandikwa mgonjwa mmoja. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini ukiambiwa tu kwamba mtu ana sentimita 168 huwezi kujua ni mwanamume au mwanamke. Tupige hesabu ya kukisia. Skizoafektivu huwapata takriban watu 3 kati ya 1,000 katika maisha yao. Tuchukue watu wazima 10,000 wa Moshi, maana yake wagonjwa ni 30. Tuseme nusu ya wagonjwa wana CRP inayozidi 3, na robo tu ya wengine wote wanayo hivyo. Tutapata wagonjwa 15 wenye CRP ya juu, na watu wengine karibu 2,490 wenye CRP ya juu ambao hawana ugonjwa huo. Wagonjwa wengine 15 watakuwa wameambiwa hawana kitu. Kipimo cha namna hiyo hakifai kumpa mtu jina la ugonjwa atakaloishi nalo, achilia mbali kumwondolea dawa.

Hata hiyo namba yenyewe mara nyingi ina mushkeli, na hapa wenzetu wa maabara watuvumilie. CRP inapimwa kwa njia mbili kubwa hapa kwetu. Ya kwanza ni ya lateksi kwenye slaidi. Unaweka tone la seramu, unaongeza tone la kemikali yenye chembe za lateksi, unakoroga kwa kijiti, unazungusha slaidi taratibu kwa dakika 2, kisha unatazama kama chembe zimeshikana madonge. Madonge yakionekana maana yake CRP imefika kama miligramu 6 kwa lita. Ukitaka kukadiria kiasi unaizimua seramu kwa maji ya chumvi: ikishikana kwenye 1 kwa 2 ni 12, kwenye 1 kwa 4 ni 24, kwenye 1 kwa 8 ni 48. Basi, haina namba za katikati. Njia hiyo haiwezi kutoa 8.4, na karatasi inayosema 8.4 ama imetoka kwenye mashine au mtu amekisia. Haiwezi pia kutofautisha 1 na 3, na hizo ndizo namba zinazozungumzwa kwenye tafiti za akili.

Slaidi hiyo ina mitego yake. Kemikali ikitolewa kwenye friji na kutumika ikiwa bado ya baridi, au chupa isipotikiswa vizuri, majibu yanatoka hafifu. Mtaalamu akisahau saa na kusoma dakika ya tano, kingo za tone zinakuwa zimeanza kukauka na zinaonekana kama madonge. Hapo mtu mzima wa afya anaandikiwa "positivu". Wakati mwingine mgonjwa mwenye CRP ya juu mno anaonekana hana kitu, kwa kuwa protini imezidi kemikali na madonge hayajiungi, mpaka seramu izimuliwe. Wanaosoma kwa makini wanaijua mitego hii yote, lakini kwenye foleni ya asubuhi ya Jumatatu tunajua inavyokuwa.

Njia ya pili ni ya mashine, ikiwemo ile yenye uwezo wa kusoma kiasi kidogo sana, inayoandikwa hs-CRP. Hiyo ndiyo yenye mipaka inayotumika katika magonjwa ya moyo: chini ya 1, kati ya 1 na 3, na zaidi ya 3. Ikizidi 10, utaratibu ni kutafuta maambukizi, kusubiri kama wiki 2, na kupima tena. Angalieni pia vipimo vya uzito kwenye karatasi. Mashine nyingine zinaandika miligramu kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na tofauti yake ni mara kumi. Majibu ya 0.8 kwa desilita ni sawa na 8 kwa lita. Tumeona familia ikilinganisha karatasi mbili za maabara mbili na kushangilia kwamba "imeshuka kutoka 8 mpaka 0.8" wakati haikushuka hata kidogo.

ESR, kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kushuka chini ya tyubu, ambacho nacho hutumika kutafuta inflamesheni, hatutaisemea sana. Upungufu wa damu unaipandisha, ujauzito unaipandisha, na tyubu ikisimamishwa imeinama kidogo tu inapanda vilevile.

IL-6, ambayo sasa nayo inatangazwa, tungemshauri mtu asiilipie kabisa kwa shabaha hii. Damu yake inatakiwa izungushwe kwenye sentrifyuji ndani ya saa 2, plazma itenganishwe, na kama haipimwi siku hiyo igandishwe kwenye nyuzi hasi 80. Ikikaa mezani kwenye joto la mchana wa Moshi, seli nyeupe zinaendelea kufanya kazi ndani ya tyubu na namba inabadilika. Friza ikizimika umeme ukakatika, plazma ikayeyuka na kuganda tena, sampuli imeharibika ingawa kwa macho haionyeshi. Kiwango chenyewe kinapanda na kushuka kwa saa za siku, na vifaa vya kupimia vya kampuni mbili havitoi namba zinazolingana. Watafiti wanavumilia hayo kwa sababu wanapima mamia ya watu kwa kifaa cha aina moja, saa ileile ya asubuhi. Mgonjwa mmoja mwenye sampuli moja hana kinga hiyo.

Kuna na hii ya kugawanya nutrofili kwa limfosaiti, ambazo ni aina mbili za seli nyeupe, kutoka kwenye picha kamili ya damu. Inavutia kwa kuwa haina gharama ya ziada. Namba zote mbili zipo tayari kwenye karatasi. Ulaya watu wasio wagonjwa wanakuwa na uwiano wa kama 1.5 hadi 2, na tafiti zinasema wenye saikosisi wanazidi. Lakini Waafrika wengi tulio kusini mwa Sahara hatuna alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu. Hali hiyo inatukinga na malaria ya vivaksi, na inaambatana na kuwa na nutrofili chache kwenye damu bila ugonjwa wowote. Chukueni mtu mwenye seli nyeupe 3.2 ambazo asilimia 38 ni nutrofili na asilimia 50 ni limfosaiti. Nutrofili ni 1.2, limfosaiti ni 1.6, uwiano wake ni 0.75. Mtu huyo anaweza kuwa na inflamesheni ya kweli na bado akaonekana yuko chini ya Mzungu mzima wa afya. Mwingine anameza lithiamu, dawa ya kutuliza mihemko, ambayo kwa tabia yake huongeza nutrofili, na uwiano wake unapaa kwa sababu ya kidonge.

Halafu kuna mazingira yetu. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Asilimia 60.7 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Waliokutwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Wengine wengi walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, leptospira, homa ya Q, brusela, riketsia na chikungunya. Kila moja ya hizo inapandisha CRP. Ongeza kichocho cha mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, kifua kikuu, jino bovu, kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari, sigara, vidonge vya uzazi wa mpango, na mafuta ya tumboni ambayo yenyewe hutengeneza IL-6. Hilo la mwisho lina uchungu wake, kwani dawa za saikosisi kama olanzapini na klozapini zinanenepesha, kwa hiyo sehemu ya inflamesheni tunayoiona kwa mgonjwa wa muda mrefu inaweza kuwa imetokana na tiba yenyewe.

Kwa hiyo mwenye fedha za vipimo azitumie wapi? Mgonjwa anayepata saikosisi kwa mara ya kwanza apimwe sukari papo hapo, kwa sababu sukari iliyoshuka inaweza kumfanya mtu apigane na kupayuka, na sukari ya kidole inachukua nusu dakika. Apimwe malaria, VVU na kaswende. Kaswende ikifika kwenye ubongo inaiga karibu kila ugonjwa wa akili. Kabla ya penisilini madaktari waliwaambukiza wagonjwa hao malaria kwa makusudi ili homa iwatibu, na Julius Wagner-Jauregg wa Austria akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa njia hiyo. Leo ni kipimo rahisi na sindano. Apimwe picha kamili ya damu, figo, ini, na homoni ya tezi ya shingo, na mwanamke apimwe ujauzito kabla hajaandikiwa chochote, hasa dawa ya mihemko iitwayo valproeti, ambayo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Aulizwe dawa alizokuwa anameza. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kuleta saikosisi. Prednisoloni, ambayo ni dawa kali ya kuzima inflamesheni, inaweza kuleta mania: uchunguzi wa Boston wa mwaka 1972 ulikuta matatizo ya akili kwa asilimia 1.3 ya waliopewa miligramu 40 au pungufu kwa siku, na asilimia 18.4 ya waliopewa zaidi ya 80.

Mwenye homa pamoja na kuchanganyikiwa, shingo ngumu, au degedege asipelekwe kliniki ya akili kwanza. Huyo ni wa dharura, na pengine atahitaji kupimwa maji ya uti wa mgongo. Degedege kwa mtu mzima anayetoka maeneo ya kufuga nguruwe huru, kama sehemu za Manyara, litufanye tuwaze minyoo ya tegu kwenye ubongo. Na binti aliyeanza ghafla kuona maluweluwe, kisha mdomo ukawa unachezacheza na mwili kukakamaa, anaweza kuwa na ugonjwa ulioelezwa mwaka 2007 na timu ya Josep Dalmau, ambapo kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo, mara nyingine kwa sababu ya uvimbe kwenye ovari. Hapa inflamesheni ya ubongo ipo kwelikweli, na inatibika, lakini CRP yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa!

Kinachotusumbua usingizi zaidi ni kinachotokea baada ya familia kuambiwa "ubongo umevimba". Wanakwenda duka la dawa muhimu na kununua diklofenaki au brufeni. Kwa mgonjwa anayetumia lithiamu hiyo ni hatari. Dawa hizo zinaizuia figo kutoa lithiamu, na kiwango kwenye damu kinaweza kupanda kwa robo au zaidi ndani ya siku chache. Kiwango kinachotafutwa ni 0.6 hadi 1.0, kikipita 1.5 sumu inaanza kuonekana. Mikono inatetemeka kwa nguvu, mtu anatapika na kuharisha, anayumba, ulimi unakuwa mzito, na mtazamaji anadhani amelewa. Kuharisha kunampotezea maji, na maji yakipungua lithiamu inazidi kupanda. Enalapril na vidonge vya kukojoza vya presha vinafanya kazi hiyohiyo. Maumivu ya kichwa au mgongo yatulizwe na parasetamo. Dada au kaka unayeuza dawa, swali moja linatosha: "Anatumia dawa ya akili? Inaitwaje?"

Damu ya kupima lithiamu ina utaratibu wake. Itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho: aliyemeza saa tatu usiku atolewe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi aimeze baada ya sindano. Kama dozi imebadilishwa, subirini siku 5 hadi 7. Na tafadhali sana, isiwekwe kwenye tyubu ya kofia ya kijani yenye heparini ya lithiamu. Tyubu hiyo ina lithiamu ndani yake, na majibu yanaweza kuonyesha sumu kwa mtu ambaye hata hajawahi kuimeza. Tumieni ya kofia nyekundu.

Klozapini ni eneo ambalo CRP inastahili gharama yake. Dawa hii hupewa wale ambao dawa nyingine zimeshindwa. Katika wiki 4 za kwanza inaweza, mara chache, kuwasha inflamesheni kwenye msuli wa moyo. Vituo vinavyofuata utaratibu mkali hupima CRP na troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, kila wiki kwa wiki hizo 4. CRP ikizidi 100, au troponini ikizidi mara mbili ya kikomo, dawa inasimamishwa na moyo unachunguzwa. Homa na mapigo ya moyo ya kasi wiki ya pili au ya tatu yasichukuliwe kama mafua tu.

Pia kuna nutrofili. Utaratibu ambao Uingereza imeutumia kwa miaka mingi ni picha ya damu kila wiki kwa wiki 18, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka mwaka utimie, halafu kila mwezi. Kikomo cha kawaida cha kuanza dawa huko Marekani ni 1.5 au zaidi, na yule mtu wetu wa 1.2 angenyimwa. Tangu mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani inakubali watu wenye upungufu huo wa asili waanze wakiwa na 1.0 au zaidi. Daktari apime angalau mara mbili kabla ya kuanza, ajue kawaida ya mgonjwa wake ni ipi, na aiandike kwenye jalada la faili. Bila hivyo wagonjwa wetu wananyimwa dawa kwa kipimo kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Mgonjwa wa klozapini akipata nimonia au maambukizi mengine makubwa, saitokini zinaibana ini isiivunje dawa, na kiwango kinaweza kufika mara mbili. Anasinzia mchana, mate yanamtoka, anaweza kupata degedege. Siku hiyohiyo ahesabiwe nutrofili na daktari aamue kama dozi ipunguzwe kwa muda. Mvutaji sigara aliyelazwa na kuacha ghafla hupandishiwa kiwango vilevile. Na aliyekatiza dawa kwa zaidi ya saa 48 haanzi tena na dozi yake ya zamani. Anaanzia miligramu 12.5.

Je, kutibu inflamesheni kunatibu akili? Imejaribiwa. Minosaiklini, antibiotiki inayopunguza pia inflamesheni, ilipewa wagonjwa Uingereza kwa miezi 12 katika jaribio la watu 207, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha faida. Tosilizumabu, inayoziba kipokezi cha IL-6, nayo haikusaidia katika jaribio dogo la mwaka huohuo. Kidokezo cha matumaini kilitoka kwenye sonona mwaka 2013: infliksimabu, dawa ya kuzima inflamesheni, haikusaidia kwa ujumla, ila wale waliokuwa na hs-CRP inayozidi 5 walionekana kunufaika. Pengine siku moja kutakuwa na kundi dogo la wagonjwa wa skizoafektivu watakaochaguliwa kwa namna hiyo. Kwa sasa hakuna mwongozo unaoruhusu kupunguza haloperido, risperidoni au sindano ya mwezi kwa sababu CRP imeshuka.

Tunaomba mambo mawili. Maabara za Moshi na Arusha ziandike kwenye karatasi ya CRP njia iliyotumika, slaidi au mashine, pamoja na kipimo cha uzito, na ziache kuviuza vipimo hivi kama vya ugonjwa wa akili. Hospitali zetu za rufaa nazo zitenge asubuhi maalumu za kutoa damu za lithiamu na klozapini, ili mgonjwa anayetoka Himo au Usa River ajue siku ya kufika kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Mwenye karatasi ya CRP tayari aje nayo kliniki pamoja na dawa zake zote kwenye mfuko, zikiwemo za presha na za maumivu, na mpaka siku hiyo aendelee kuzimeza za akili kama alivyoandikiwa.

Ni sisi,
Wataalamu wa maabara na wa afya ya akili,
Moshi, Kilimanjaro.